Maua ya Nyuki ya Felista

Bibi yangu Felista hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi sitamsemea uongo kwa kuwa amekufa. Na Severini ndiye aliyemwanza.

Severini alikuwa mjomba wa babu yangu Benedikto. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo shamba alilolima bibi pale karibu na Mkuyuni lilikuwa mikononi mwa huyo mjomba. Wewe uliyeolewa tu unaruhusiwa vitu vya msimu: mahindi, maharage, maboga. Ukipanda kitu cha kudumu, basi unadai ardhi. Hilo halina mjadala.

Bibi alifuga nyuki. Kandokando ya shamba alipanda maua ya njano aliyoyatoa mlimani, yale ambayo shina hukauka kiangazi na mzizi huamka mvua zikinyesha. Hayaliwi, hayauzwi, ila nyuki wanayapenda mno. Babu alipofariki, matanga yameanuliwa juzi tu, Severini akaja na wazee wa ukoo wake.

"Umetupandia cha kudumu, Felista. Unadai ardhi yetu. Ondoka."

"Mjomba, ni maua tu."

"Yana mizizi."

Akamfukuza na watoto wawili, mahindi yakiwa yamebeba. Roho gani hiyo jamani? Shamba akalima yeye.

Bibi hakulia mbele yake. Alichimba mizizi yote, hakumwachia hata shina moja, akaibeba pamoja na mizinga yake hadi juu kwenye mawe, karibu na msitu. Huko akapanda upya. Njaa iliwashika vibaya. Mama yangu alipona, mdogo wake hakupona. Tangu siku ile ya mazishi bibi hakulitamka jina la Severini, alisema "yule".

Miaka hiyo Wadachi, Wajerumani hao, walikuwa wanaleta reli Morogoro. Vichaka vya huku chini vilifyekwa vyote kwa kuni, hata ua la porini usilione. Yule akaamriwa na boma atoe maboga ya kulisha vibarua. Maboga yakachanua vizuri, lakini yakaishia ukubwa wa ngumi, yakaoza, maana hapakuwa na nyuki wa kuyapitia. Msimu wa kwanza askari wakamtukana. Msimu wa pili wakamlaza kifudifudi mbele ya wakwe zake, viboko hamsa ishirini, ndiyo ishirini na tano. Bibi alipoletewa habari aliomba asimuliwe tena, polepole.

Mvua zilipokaribia, yule akapanda mlima mwenyewe, anachechemea. Bibi hakumpa shikamoo. Aliendelea kupepeta mtama wake.

"Mwanangu, nipe nyuki na maua yao. Safari hii wataniua."

"Sikupi. Nitakuja kupanda mwenyewe. Waite wazee wale wale."

Akaelewa. Shamba linakwenda. Mtu mzima yule alilia pale kwenye mawe, na bibi akamtazama mpaka alipomaliza.

Wakakusanyika. Bibi akashuka na kikapu cha mizizi kichwani. Wote walidhani ataanzia shambani. Akaanzia kwenye kizingiti cha nyumba ya Severini, akachimba, akapanda, akashindilia kwa kisigino, akaendelea hivyo mpaka mtoni. Wazee wakatazamana. Wangesema nini, na hukumu waliitoa wenyewe?

"Sasa na wewe ondoka," akamwambia.

"Angalau nivune mihogo," Severini akasema.

"Mimi ulinisubiri?"

Mchana ule ule akakunja mkeka wake, akashika njia ya Matombo. Bibi akaingia nyumbani mle, akawasha moto, akapika, na usiku akaishusha mizinga yake kutoka mlimani.

Mavuno yaliyofuata maboga yalizaa mpaka yakalaliana. Askari wa boma wakaja, wakapewa yao na bibi bila maneno. Kisha wakauliza yuko wapi yule mzee aliyewadanganya misimu miwili, maana shauri lake halijaisha.

Bibi akafuta mikono kwenye kaniki, akatoka nao mpaka barabarani, akawaonyesha njia aliyopita.