Pasi ya Bibi na Mashati ya Gavana

Karatasi iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya fotokopi ina harufu yake: joto, wino, na kitu kama nywele zilizoungua kidogo. Hata leo, mtu mzima mwenye kazi ya ofisini huko Don Mills, nikiinusa tu miguu hutaka kutoka nje.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikaa ughaibuni, ghorofa ya nane, mtaa wa Malvern: Mama, Bibi, mdogo wangu Zuhura na mimi. Mwalimu wetu wa historia, Bi Marchetti, alituagiza tuchague kitu kimoja cha kale nyumbani, tumhoji mwenye nacho, kisha tuandike kurasa mbili. Nikachagua pasi ya mkaa ambayo Bibi aliileta kutoka Tanga, ameifunga ndani ya kanga.

"Shikamoo Bibi. Niambie historia ya pasi hii."

"Marahaba. Pasi ni pasi, mjukuu wangu. Kanywe chai."

Nilimuuliza mara tatu, na mara tatu nikaambulia chai. Siku ya kukusanya kazi ikawadia, nami sina hata mstari mmoja. Basi nikatunga. Niliandika kwamba gavana wa Kiingereza alipozuru Tanga, Bibi ndiye aliyempigia pasi mashati, na gavana, kwa furaha, akamzawadia pasi ile. Nikamtungia gavana hata hotuba fupi.

Bi Marchetti alifurahi kupita kiasi. Akafuta jina langu, akatoa nakala, akazigawa darasani zikiwa bado na joto.

"Tazameni mwenzenu alivyotumia kitu kimoja kutuonyesha zama nzima," alisema.

Wenzangu wakapigia mistari uongo wangu kwa kalamu za rangi. Mimi nilijikuna shingo mpaka ikavimba. Kila mkono uliponyooshwa nilijua nimekamatika. Hakuna aliyetilia shaka, na hilo ndilo lililoninyima raha zaidi. Wiki nzima sikuweza kumaliza sahani ya wali.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Yangu ilipita darasa la tano, alikosoma Zuhura. Bi Marchetti aliwapa na wao nakala kama mfano wa kazi nzuri, na Zuhura akaja nayo nyumbani, akaisoma kwa sauti jikoni kwa Kiingereza, Mama akimtafsiria Bibi aliyekuwa akichambua mchicha.

Bibi akaacha mchicha. "Gavana? Mimi gavana nilimwona wapi?"

Wote wakanigeukia. Ningekimbia, ila lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, na ghorofa nane ni ngazi nyingi kwa mtu mwenye aibu.

Bibi hakunikaripia. Alisema taratibu, macho kwenye mchicha, "Mama yangu alikuwa dobi wa mashuka ya hospitali. Alipougua, kazi nikaishika mimi, na pasi hiyo. Nilikuwa na miaka tisa. Shule nikaiachia darasa la pili. Sasa hayo nikwambie wewe, unayesoma Ulaya?"

Kesho yake asubuhi nilimweleza Bi Marchetti kila kitu. Nilitegemea aichane ile kazi. Badala yake alikaa kitako, uso umemwiva.

"Nami sikukuuliza umejuaje," alisema. "Andika upya. Bibi yako akiridhia, darasa litasoma zote mbili."

Bibi alifikiri siku mbili. Akaridhia, mradi jina lake lisitajwe.

Siku ya kusoma, nilikaa ukingoni mwa kiti. Wenzangu walipekua zote mbili, wakabishana ipi inaaminika na kwa nini. Kisha Devon, aliyezoea kusinzia kwenye historia, akauliza, "Ile pasi ilikuwa nzito?"

Sikujua. Nilirudi nyumbani mbio nikamuuliza Bibi, nikihema.

"Nzito! Nilisimama juu ya debe ndipo niifikie meza." Akanyanyuka, akanionyesha alivyosimama, alivyopuliza mkaa, alivyolia shuka la kwanza lilipoungua. Alizungumza mpaka Mama akarudi kutoka kazini, na kesho yake akaendelea pale alipoishia, bila kuulizwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi alikuwa akinificha. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa: nilimwomba historia, naye akadhani hiyo ni mali ya waliosoma. Alikuwa akingoja swali ambalo mtu aliyeishia darasa la pili anaweza kulijibu.