Umeme wa Injini ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliuza ngamia wake wa mwisho ili anunue injini ya boti. Hapa Garissa jambo hilo lilizungumzwa kwenye kila kibanda cha chai, maana mtu wa kwetu huuza vyote alivyo navyo kabla hajagusa ngamia, na akimuuza basi ni kwa ajili ya lori au duka. Lakini yeye alikuwa ameona ukame ukimaliza mifugo yake mbele ya macho yake, na siku moja akawaambia wanawe kwamba amechoka kukimbiza mvua. Mto Tana upo pale pale, alisema, na watu wa mashamba ya ng'ambo wana ndizi na vitunguu visivyo na njia ya kuvuka. Akapanda basi hadi pwani pamoja na mwanawe mkubwa, ambaye ni mume wangu. Walirudi na injini kuukuu, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, imezungushiwa magunia na kulazwa kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa.

Mimi niliolewa katika nyumba hiyo nikitoka Banissa, huko Mandera, ambako maji ni ya bwawa la kuchimbwa au ya lori. Kabla ya kuja Garissa sikuwa nimewahi kuona maji yanayokwenda yenyewe bila kubebwa na mtu. Niliyaogopa, na bado nayaogopa. Kazi yangu ni ya nchi kavu. Nina kibanda sokoni ninapotengeneza simu, redio na paneli ndogo za sola. Nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa na duka la redio katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Alikuwa akinipa redio iliyokufa na kuniambia, "Kwanza isikilize. Hata ikinyamaza, isikilize."

Kwa miaka kadhaa mume wangu alikuwa na boti yake nami nilikuwa na waya zangu, na kazi hizo mbili hazikuwahi kukutana. Kilichozikutanisha ni mafuriko.

Mvua ilinyesha milimani, mabwawa ya juu yakafurika, na mto ukatoka kwenye kingo zake. Barabara ya kwenda Madogo ikazama. Mashamba yakazama, na wenyeji wake wakahamia kwenye kilima cha mchanga ambacho siku za kawaida hata mbuzi hawakijali. Mume wangu akawa anaondoka alfajiri na kurudi magharibi, akivusha watu, unga, magodoro na kuku. Jioni mabega yake yalikuwa hayainuki kwa kuvuta ile kamba.

Siku moja alirudi na mfuko wa plastiki umejaa simu.

"Zichaji," alisema. "Kule kilimani hakuna hata moja iliyo hai. Jua halitoki, sola zao hazina nguvu."

Nilizichaji kibandani, akazirudisha kesho yake, akaja na nyingine. Njiani wimbi likampiga, mfuko ukaingia maji, na simu kadhaa zikafa kabisa. Baada ya hapo watu wakasita kumpa. Naye alikuwa akiwaazima simu yake wapige, lakini wapige namba gani? Nani siku hizi anakariri namba? Namba zote zilikuwa ndani ya zile simu zilizozimika.

Jioni moja tukiwa tunakula, mimi, yeye na mama yake, alitusimulia habari za bibi mmoja. Alikuwa peke yake kilimani. Mwanawe wa pekee hufanya biashara Liboi, na hakuna mtu pale aliyemfahamu huyo mwana wala namba yake. Bibi alikataa katakata kumpa mume wangu simu yake, wala hakumruhusu kuifungua atoe laini. Alikuwa ameifunga kwenye pindo la shuka.

"Nikamwambia, mama, nitaileta kesho. Akaniambia, 'Hii ndiyo mwanangu. Nikikupa, nabaki na nini?'"

Mama mkwe aliacha kula. Mimi nilikuwa nikifikiria kitu kingine.

"Ile injini inazunguka siku nzima," nikasema. "Ile cheche inayochoma petroli inatoka wapi, na boti haina betri?"

Mume wangu akaniangalia. "Inajitengenezea yenyewe."

"Basi ina sumaku ndani. Na palipo na sumaku inayozunguka, umeme upo. Sisi hatuuchoti tu."

Kulipokucha nilikwenda kuomba ruhusa. Injini ilikuwa ya mama mkwe, si ya mwanawe, na hilo hakuna aliyelisahau nyumbani kwetu. Nilimkuta akimaliza uradi wake. Sisi humwita hooyo, yaani mama.

"Binti," akaniambia, "injini inakwenda?"

"Inakwenda, hooyo."

"Ina kasoro gani?"

"Haina kasoro."

"Kitu kisicho na kasoro unakifungulia nini?"

Nilikuwa nimekesha nikitafuta maneno. "Hooyo, ngamia jike hubeba mzigo, lakini pia ana maziwa. Huyu wako tunambebesha tu. Hatujawahi kumkamua."

"Ngamia akikamuliwa na mtu asiyejua," alisema, "hupiga teke." Kisha akatandika tena mkeka wake. "Yule bibi bado amefunga simu kwenye shuka?"

"Bado."

"Fungueni. Lakini nitakaa hapo hapo."

Ijumaa baada ya sala, wasafiri walipopungua, tuliibeba injini hadi uani kwetu na kuifunga kwenye ubao juu ya pipa lililojaa maji, kwa sababu injini ya boti haiwashwi pakavu, inaungua. Tulimwita fundi wa pikipiki, jirani yetu Mkamba, kwa kuwa yeye alikuwa na kifaa cha kung'olea magurudumu magumu. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda karibu naye. Kiswahili chake ni cha sokoni, na herufi ya "p" haijawahi kukaa vizuri mdomoni mwake.

"Wewe fundi," alimwambia, "ukiboteza hata nati moja, nitakufuata baka kwenu."

"Sipotezi, mama," fundi akajibu, naye akatandaza shuka jeupe chini na kuanza kupanga kila nati juu yake.

Tulivua kifuniko, tukatoa kile kikombe cha kamba, tukafikia gurudumu zito la chuma lililo juu kabisa. Lilipong'oka, bisibisi yangu iliniruka mkononi na kunasa ubavuni mwake. Sumaku. Nilicheka kwa sauti kama mtoto. Chini yake kulikuwa na sahani ya chuma, na juu ya sahani hiyo koili moja ya waya wa shaba, ile ya cheche. Upande wa pili palikuwa na matundu mawili ya skrubu, matupu, safi. Aliyeiunda injini alikuwa ameacha nafasi ya koili ya pili, asiiweke.

Koili yenyewe tulikuwa tumeshaipata kabla ya siku hiyo kwa mwenye boti mmoja wa Madogo, aliyekuwa na injini ya aina hiyo hiyo iliyopasuka na kutupwa nyuma ya nyumba. Alimruhusu mume wangu kuichomoa bure. "Mkifaulu," alisema, "mje mnifanyie na mimi." Mimi nilikuwa nimeitazama, nikaipima kwa mita ya umeme, nikakuta uzi wake wa shaba haujakatika.

Koili peke yake haitoshi. Umeme wake hupanda na kushuka kadiri injini inavyokimbia, na huenda mbele na kurudi nyuma, na betri niliyoileta kutoka kibandani haipendi mambo hayo. Inahitaji kitu cha kuunyoosha na kuuzuia usizidi, la sivyo betri itachemka. Hapo fundi alisaidia. Alitoa kwenye mfuko wake regulata ya pikipiki, kile kipande chenye mapezi ya kupozea. "Hii kazi yake ni hiyo hiyo," alisema. "Haijui kama iko barabarani au majini." Tukaifunga kwenye chuma ipate kupoa, tukapitisha nyaya mbali na gurudumu, nikaweka fyuzi karibu na betri. Tukarudisha kila kitu. Kwenye lile shuka jeupe hapakubaki hata nati moja.

Mume wangu akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Akavuta mpaka fulana ikamganda mwilini. Injini iliyokuwa ikiwaka kila alfajiri bila ubishi haikutoa hata kikohozi.

Sikuthubutu kumtazama mama mkwe. Nilikuwa nikimwona ngamia wake wa mwisho akiondoka malishoni. Fundi alianza kusema labda petroli, labda plagi. Nilihisi machozi yakija, nikageuka upande wa ukuta.

Ndipo mama mkwe akazungumza, kwa Kisomali, taratibu. "Binti. Redio ikinyamaza, wewe hufanya nini?"

"Huisikiliza," nikasema.

"Basi kaa uisikilize. Mimi sina haraka. Chai iko jikoni."

Nikakaa. Nikachomoa plagi, nikaiegemeza kwenye chuma, nikamwomba mume wangu avute. Hakukuwa na cheche. Basi petroli haikuwa na hatia. Kabla hatujafungua cheche ilikuwepo, sasa haipo, kwa hiyo tulichokosea kilikuwa chini ya lile gurudumu. Tukaling'oa tena. Nilipitisha kidole kwenye nyaya moja baada ya nyingine, nikaufikia ule mwembamba unaokwenda kwenye kitufe cha kuzima. Ulikuwa umebanwa chini ya sahani, ngozi yake imechubuka, shaba inagusa chuma. Ilikuwa kana kwamba mtu anabonyeza kitufe cha kuzima bila kuachilia.

Niliutoa, nikauvika ngozi mpya, nikaupitisha juu. Safari hii mume wangu alivuta mara moja tu. Injini ikanguruma, pipa likatapika maji, kuku wakatawanyika uani. Nikagusisha mita kwenye betri. Injini ikienda polepole, namba hazikusogea. Alipoongeza moto zilipanda, zikafika volti kumi na nne na kidogo, zikatulia hapo. Fundi akapiga makofi. Mama mkwe alisema "Mashallah," akainuka, akasema chai imepoa, akaenda kuipasha.

Kesho yake ilinibidi nipande boti. Mtu mwingine hakujua kusoma ile mita, na pipa si mto. Betri tulikuwa tumeifunga ndani ya sanduku la mbao, lenye kifuniko, na juu yake nikapigilia ubao wenye matundu ya kuchajia simu. Nilikaa katikati ya boti nimeshika pande zote mbili, macho kwenye mita, nikisoma kila dua niliyoijua. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na yalipita na miti mizima. Mita haikutetereka.

Kilimani watu walishuka hadi kwenye maji kabla hatujafunga kamba. Niliwaambia zamu kwa zamu, wazee kwanza. Yule bibi alikuja wa mwisho kati ya wazee, mwembamba, shuka limefungwa fundo kifuani. Hakunipa simu. Aliingia ndani ya boti, akaketi karibu na sanduku, akafungua fundo na kuishika mwenyewe huku mimi nikichomeka waya. Tulikaa hivyo, mkono wake na wangu kwenye simu moja, mpaka kioo kikawaka.

Ujumbe ukaanza kumiminika, mlio juu ya mlio.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Mtafute mwanangu. Aliniwekea nyota."

Nikaitafuta nyota. Ilikuwepo, peke yake, bila jina. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje.

"Nani huyu?" Sauti ya mwanamume ilikuwa imekauka.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi niliyekuzaa, mjinga wewe. Na yule mbuzi wako mwekundu amekwenda na maji, usiniulize habari zake."

Upande wa pili tukasikia mtu mzima akilia, na nyuma yake sauti za wanaume wengi wakiuliza kuna nini. Baadaye mwana mwenyewe alitueleza. Mtu alikuwa amemletea habari Liboi kwamba kilima kile kimezama na watu wake, na wazee walikuwa wamekwisha kukusanyika nyumbani kwake kumpa pole. Walikuwa bado wameketi kwenye mikeka.

"Waambie wale chakula kwa furaha," bibi alisema, "maadamu kimepikwa."

Watu wote kilimani wakacheka. Siku hiyo tulichaji mpaka mume wangu akasema petroli iliyobaki ni ya kurudia tu.

Maji yalichukua muda kushuka, lakini yalishuka. Yaliacha tope jeusi, na kwenye tope hilo vitunguu viliota vinene kuliko vya miaka ya nyuma. Yule mwenye boti wa Madogo alikuja kudai ahadi yake, tukamfanyia, na baada yake wakaja wengine, mpaka siku hizi kwenye kibanda changu sokoni utakuta gurudumu la injini ya boti katikati ya simu zilizovunjika. Fundi wa pikipiki hunitumia wateja, nami humtumia wake. Mume wangu amefunga pampu ndogo inayotoa maji botini, hajainama tena na kopo.

Mwezi uliopita tulivusha harusi. Bwana harusi ni wa upande huu, bibi harusi wa mashambani, na wanawake waliomsindikiza walijaa boti wakiimba buraanbur, nyimbo zetu za sherehe, wakipiga ngoma juu ya mapaja yao. Magharibi ilikuwa imeingia. Nilikuwa nimezungusha taa ndogo za rangi ukingoni, zote kutoka kwenye ile betri, na zilimulika nyuso na mikono yenye hina. Mama mkwe aliketi mbele kabisa, amevaa dirac yake ya zambarau, gauni letu jepesi la sherehe.

"Punguza mwendo!" alimpigia kelele mwanawe. "Watu wa kwao bibi harusi wapate kutuona!"

"Nikipunguza sana haichaji, hooyo!"

"Betri imejaa," nikamwambia. "Punguza."

Akapunguza.