Nilichora poster ya filamu bila sura ya steringi, Musoma ikajaa ukumbini

Wakuu, poleni na majukumu.

Naona vijana humu mnalumbana kwa nini poster za movie zetu zinafanana kama mapacha. Na mimi mama yenu ngoja niweke langu. Sitii chumvi, yalinikuta mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile bidhaa zimeanza kurudi madukani baada ya shida ya kupanga foleni ya sabuni. Watu wakaanza kuleta deki za video. Mzee Magesa, mwenye ukumbi karibu na soko la Musoma, akanichukua nimchoree mabango. Kabla ya hapo nilikuwaga naandika vibao vya maduka tu.

Kazi yenyewe unachukua kava la kaseti, unalikopi kubwa. Steringi, yule shujaa wa filamu, bunduki, moto. Wiki ijayo tena steringi, bunduki, moto.

Mara ng'ambo ya barabara ukafunguliwa ukumbi mwingine, poster zao zimeprintiwa Nairobi. Zinang'aa hizo! Wateja wakahamia huko.

Mzee Magesa akaniambia, "Nyangeta, Jumamosi hii wasipokuja nauza deki. Na wewe urudi kijijini Kiriba ukalime."

Kulima sikuogopa. Ila brashi nilikuwa nishaipenda.

Filamu ya Jumamosi ilikuwa ya Kihindi. Nikaomba niitazame kwanza. Akashangaa, kava si lipo? Nikang'ang'ana mpaka akaniwashia.

Wakuu, nililia. Mama anapotezana na mwanae, treni inaondoka. Risasi zilikuwepo nyingi tu, lakini filamu yenyewe ilikuwa pale.

Sasa rangi. Nilikuwa na nyekundu kidogo na nyeupe ya kupaka nyumba. Nyeusi nikakwangua masizi ya sufuria, nikakoroga na gundi ya unga wa muhogo. Nikaunganisha kwa sindano mifuko ya kitambaa ya unga, nikachorea hapo.

Giza tupu. Mkono wa mama wenye bangili nyekundu unatoka dirishani mwa treni. Chini, vidole vya mtoto vinaachia. Basi.

Mzee Magesa akashika kiuno. "Steringi yuko wapi?"

"Si huyo mama."

"Hana hata uso!"

"Wataingia kuutafuta, mzee."

Muda wa kuchora lingine haukuwepo. Akalitundika huku amenuna.

Mchana wakapita akina mama wa Mugango, wametoka kuuza samaki. Mmoja akatua beseni, akaliangalia bango weee.

"Huyu mtoto alikuja kumpata?"

Mzee Magesa akachangamka ghafla. "Ingia uone, mama!"

Akaingia na wenzake wote. Na mjue enzi hizo wanawake walikuwa hawakanyagi video, walisema ni kijiwe cha wahuni. Walitoka wanafuta macho, wakaenda kuita majirani. Jioni watu wamekaa chini, wengine wamening'inia madirishani.

Filamu ikarudiwa wiki nzima. Ikapelekwa hadi Butiama, ikaonyeshwa kwa jenereta, bango likitangulia.

Ndipo akaja mwenye ukumbi mmoja wa Bunda. Akasimama mbele ya bango, akauliza, "Nani kachora?"

Mzee Magesa akajibu kabla sijafungua mdomo. "Mchoraji wangu huyu. Utasubiri zamu."

Siku hiyo nilipanda ngazi, nikaandika jina langu pembeni ya bango. Kubwa, lisomeke kutoka barabarani.

Nilichojifunza: kabla hujawasha computer, itazame kazi mpaka mwisho, halafu chora kilichokugusa wewe. Kilichomgusa mwenzio alishakichora mwenzio.

Ma-designer mpo? Na wa Musoma wa enzi hizo, njooni mnikosoe.