Mchicha Usioandikwa

Siku hizi nikisikia mtu akitamka "chakula cha kesho", damu inanichemka. Kesho ya nani? Mimi nimeiona hiyo kesho ikishushwa shuleni kwetu kwenye maboksi, na nimeona ilichomfanyia mama yangu mdogo.

Mama mdogo, anayemfuata mama aliyenizaa, alikuwa mpishi wa shule ya msingi ninakofundisha sayansi. Watoto walimwita Mama Upawa, na nadhani hata mwalimu mkuu alishalisahau jina lake jingine. Kwa miaka ishirini na moja aliwapikia watoto mia nne uji asubuhi na mahindi na maharage mchana, katika jiko la mabati lenye masufuria mawili makubwa ambayo akiyaosha alizama humo hadi mabegani. Maji ya kuoshea hakuyamwaga ovyo. Aliyachimbia mfereji, yakawa yanakwenda nyuma ya jiko, na huko akapanda mchicha, kunde na matembele.

Alikuwa na mdomo, sikatai. Muuzaji aliyeleta maharage yenye wadudu alirudi nayo begani huku akisindikizwa na maneno ambayo mwalimu hawezi kuyaandika. Na alikuwa na utaratibu wake ambao hakufundishwa na mtu. Wakati wa kugawa alisimama dirishani akiangalia shingo za watoto. Shingo ikiwa nyembamba, upawa ulijaa zaidi.

"Uso hauaminiki," aliniambia. "Mtoto anaweza kucheka na njaa yake. Mimi naangalia shingo."

Basi wakaja watu wa kampuni moja inayotengeneza hicho "chakula cha kesho". Tuliitwa ukumbini, walimu, wazazi na mpishi, na mtu mmoja mtanashati tuliyemwita Mtaalamu akatuonyesha ukutani picha za udongo uliopasuka, mistari inayopanda na mistari inayoshuka. Alisema ifikapo katikati ya karne dunia itakuwa na watu karibu bilioni kumi. Mvua hazieleweki, ardhi imechoka, bei ya nafaka inapandishwa na vita vya mbali. Yote ni kweli, hata mimi nayafundisha darasa la sita. Kisha akatoa pakiti ya rangi ya fedha, akaiinua juu, kana kwamba mvua, ardhi na vita vyote vimepata dawa humo ndani.

Mama mdogo akanyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo ina nini ndani?"

"Protini, mama. Na vitamini kumi na nne."

"Protini ya mnyama gani?"

"Si ya mnyama. Inakuzwa kiwandani, kwenye matangi."

"Haya. Na huko kwenye matangi kuna anayeonja?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtaalamu naye alicheka, kwa meno tu.

Masharti yalibandikwa kwenye mlango wa jiko. Kwa miezi sita kila mtoto angepata pakiti moja asubuhi na moja mchana, iliyokorogwa kwa maji ya moto. Ni marufuku kuongeza chochote. Fungu la mahindi na maharage lilisimamishwa. Kabla ya kuanza, na kila mwisho wa mwezi, watoto wangepimwa uzito, na mpimaji nikateuliwa mimi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa balaa. Ule uji ulikuwa na ladha ya chaki iliyotiwa sukari, na watoto wengi waliumwaga nyuma ya vyoo. Nilipowapandisha kwenye mizani, daftari langu la uzito lilionyesha kwamba zaidi ya mia tatu walikuwa wamepungua. Siku mbili baadaye msichana wa darasa la pili alianguka mstarini asubuhi, wakati wa matangazo. Mama mdogo alitoka jikoni mbio, akambeba, akamlaza kwenye gunia tupu kando ya jiko, akakaa naye mpaka alipofumbua macho.

Kesho yake nilimkuta akitwanga karanga.

"Mama mdogo, masharti umeyasoma?"

"Nimeyasoma. Aliyeyaandika alikuwa ameshiba."

"Wakijua utamwaga unga."

"Waambie basi. Si wewe ndiye mwenye kalamu?"

Sikuwaambia. Kina mama wa mtaani wakaanza kupitisha vitu kwa mlango wa nyuma, huyu konzi ya karanga, yule dagaa waliosagwa, na mchicha ulikuwa pale pale bustanini. Uji ukageuka kijani. Watoto waliokuwa wakiumwaga sasa walikuwa wakilamba vikombe na kupanga foleni mara ya pili, wakijifanya hawajapata. Mwisho wa mwezi wa pili uzito ulipanda. Wa tatu ukapanda tena, na ukaendelea hivyo.

Fomu za kampuni zilikuwa na visanduku vya jina, umri, uzito na idadi ya pakiti. Kisanduku cha mchicha hakikuwepo. Na mimi, mwalimu wa sayansi, ninayewaambia watoto kila siku kwamba jaribio ambalo nusu ya vitu vyake havikuandikwa si jaribio, nilijaza uzito wa kweli na kutia sahihi. Nilijiambia kwamba sijaandika tarakimu hata moja ya uongo. Nilijiambia pia kwamba ninamlinda mama mdogo. Maneno matupu. Nilikuwa naogopa.

Mwezi wa sita yalikuja magari manne na watu wa kamera. Mtaalamu alisimama uwanjani mbele ya wazazi, akatangaza kwamba uzito wa watoto umepanda kuliko hata kampuni ilivyotarajia, na kwamba pakiti sasa zitapelekwa shule mia mbili. Kwetu kungejengwa ghala la pakiti pale nyuma ya jiko, penye "kieneo kilicho wazi". Jiko lenyewe lingefungwa, kwa kuwa tangi la umeme la kuchemshia maji lingetosha na hata mlinzi angeweza kulifungulia bomba. Kisha wakamwita mama mdogo, wakamvika aproni yenye nembo ya kampuni, wakampa kipaza sauti ili atoe neno la shukrani.

"Nashukuru kwa aproni," alisema. "Lakini watoto hawa hawakunenepeshwa na pakiti. Mwezi wa kwanza walikula pakiti peke yake, wakakonda, na daftari lipo. Kuanzia wa pili nimewatilia karanga, dagaa na mchicha kila siku ya Mungu. Mnisamehe kwa kuvunja sharti. Ila mkipeleka pakiti tupu kwenye shule hizo mia mbili, mtawaumiza watoto wa watu. Kama hamniamini, mwulizeni mwalimu. Ndiye aliyekuwa akiwapima."

Uwanja mzima ukanigeukia. Mtaalamu akaja hadi nilipokaa, na ile kamera nyuma yake.

"Mwalimu, una taarifa hizo?"

Nilimwona mwalimu mkuu akitikisa kichwa kidogo sana. Nilimwona mama mdogo amesimama na ile aproni, ananisubiri, hana wasiwasi hata chembe.

"Sina taarifa rasmi," nikasema.

Rasmi! Nikafyata mkia wangu nyuma ya neno hilo moja. Mama mdogo hakuniangalia tena. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti.

Barua ilitoka wiki ile ile. Amefukuzwa kazi kwa kosa la kuongeza vyakula visivyoruhusiwa katika mradi. Na ripoti ya kampuni, iliyobandikwa ubao mmoja na barua hiyo, inasema uzito ulipanda kwa pakiti pekee, bila nyongeza yoyote. Nilisimama pale nikazisoma zote mbili mara tatu. Kama hakuongeza kitu, kosa lake ni nini? Na kama aliongeza, ule uzito ni wa nani? Watu wazima, wenye shahada na mihuri, wamegonga mihuri yao kwenye karatasi zote mbili na hakuna aliyeona aibu. Jumatano mafundi wa ghala wakaing'oa bustani, na mchicha ukatupwa kwenye lundo la mchanga.

Jumamosi nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani anachagua maharage. Nilianza hotuba niliyoiandaa njia nzima, akanikata.

"Nawa mikono ule kwanza."

Nikanawa. Akanipakulia, akakaa mbele yangu.

"Mama mdogo, nisamehe."

"Nilishakusamehe hata hujatoka pale uwanjani. Wewe ni mwanangu, nitakupeleka wapi?" Akarudi kwenye ungo wake. "Lakini msamaha wangu wale watoto hawali."

Sikuweza kumaliza sahani ile.

Jumatatu ilikuwa siku ya kikao cha wazazi. Niliingia na daftari la uzito, nikamwomba mwenyekiti nafasi, nikaanza kuwasomea mtoto mmoja mmoja, mwezi kwa mwezi, kilo zake, na kitu alichokula mwezi huo. Nikawaambia kwamba mpishi alisema kweli na kwamba mimi ndiye niliyesema uongo mbele yao. Nilipofika mtoto wa kumi na saba, mwalimu mkuu alinyanyuka akazima kipaza sauti. Nyuma ya ukumbi mama mmoja akapaza sauti, akitaka kujua mwanawe alikuwa na kilo ngapi. Nikaendelea kusoma bila kipaza sauti.