Msumeno Hausukumwi

Kuna siku moja naikumbuka sana tangu tumzike ndugu yangu Njoroge. Kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, mpaka watu waliokuja kunipa pole wananitazama vibaya. Keti, mwanangu, nikuambie, maana hata wewe una ndugu.

Tulizaliwa upande wa Burnt Forest. Baba alikuwa mpasua mbao. Njoroge alikuwa hajaanza shule vita vya kikabila vilipotufikia mara ya kwanza. Baba alitukimbiza kwa jirani wa kabila lingine, mama tuliyemwita Gogo, kama wajukuu wake walivyomwita nyanya yao. Akatuficha kwenye ghala la mahindi. Njoroge akalia koti lake limebaki. Baba akarudi nyumbani, moshi ukapanda upande wa kwetu, na hatukumwona tena.

Tulikua na moshi ule kifuani, kila mtu na dawa yake. Mimi nilifanya kazi kama punda na sikuongea na mtu. Njoroge alikunywa chang'aa, akaongea kwa niaba yetu sote wawili. Vita vya baada ya uchaguzi vilitukuta mtaa wa Langas, mjini, tukiwa wanaume wazima, naye siku hiyo alikuwa amelewa hata kusimama hawezi. Nikampakia kwenye wilbaro, toroli la gurudumu moja, nikamsukuma mpaka uwanja wa maonyesho walikokimbilia watu. Njia nzima anaimba na kuwapungia watu mkono kama mheshimiwa. Leo nacheka. Siku ile nilimmwaga langoni nikamwambia, "Kama hungelilia koti, Baba angekuwa hai."

Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini wangu ulivunja mtu. Njoroge aliinuka, akaondoka. Baadaye tulirudi Langas wote wawili, na tukikutana dukani mmoja anageukia ukuta. Nilisikia analala mitaroni. Nikasema, shauri yake.

Miaka ikapita hivyo, mpaka Gogo akanipigia simu. Upepo ulikuwa umeangusha mkaratusi, ukaziba lango la zizi lake. "Njoo ukate," alisema, basi. Nilipofika nilimkuta Njoroge kando ya mti, amekonda. Naye alikuwa ameitwa vivyo hivyo. Nikageuka niende zangu.

"Wewe Kamau, unaenda wapi?" Gogo alikuwa amekalia debe, fimbo mkononi. "Si mnasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune? Mimi goti linauma, siwezi kulima. Kwa hivyo mtapatana leo, ng'ombe zangu zitoke."

Akatutolea msumeno mrefu wa watu wawili, ule wa Baba. Alikuwa ameuazima kwake kabla ya vita, ndiyo maana haukuungua na nyumba yetu. Njoroge akashika mpini mmoja, mimi ule mwingine. Tukaanza, chuma kikajikunja na kukwama. Nikasukuma kwa nguvu. Kikakwama zaidi.

"Kamau," Njoroge akasema polepole, "huu ni msumeno. Si wilbaro."

Gogo hakujua habari ya wilbaro, lakini alituona tukicheka naye akacheka. Kisha akanikemea. "Mtoto wa mpasua mbao, na hujui msumeno! Hausukumwi huu. Vuta zamu yako, halafu achilia mwenzako avute yake. Ukisukuma unamkunjia."

Nikavuta, nikaachilia. Msumeno ukaanza kuimba. Njoroge, jasho linamtoka, akasema bila kuinua macho, "Gogo, kama singelilia koti, huu msumeno ungekuwa na mwenyewe."

"Koti gani?"

"La kwangu. Lenye Baba alirudia."

Gogo akapiga fimbo chini. "Nani alikudanganya? Nilimshika shati mlangoni nikimkataza. Akasema ng'ombe amefungwa, ataungua. Alirudi kumfungua ng'ombe."

Msumeno ukasimama. Njoroge akauliza, "Ile nyekundu? Yenye ilikuwa inanipiga teke?"

"Hiyo hiyo. Ilitoroka, ikaja hapa, ikazaa. Hawa mnaowafungulia ni wajukuu wake."

Njoroge alicheka mpaka akalia. Nikamwambia pole, neno nililokuwa nimelikalia miaka yote. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Vuta," akasema, "ng'ombe wana kiu."

Usidhani aliacha pombe siku ile. Tulirudi Jumamosi baada ya Jumamosi kumkatia Gogo kuni. Siku nyingine Njoroge hakuja. Zamani ningemfuata kilabuni kwa matusi. Sasa nilipaka msumeno mafuta nikamngoja. Siku moja alivuta zamu yake: alikwenda hospitali mwenyewe, akaingia kikundi cha wanaoacha pombe. Akaanguka, akaanza upya. Hata mimi nilikwenda kuongea na mshauri, maana moshi wangu nao ulikuwepo. Miaka yake ya mwisho hakuionja pombe, na mbele ya wakwe zangu aliniita Dereva wa Wilbaro. Ugonjwa wa moyo ndio uliomchukua. Tulipomzika, Gogo, ambaye sasa haoni vizuri, alitupa maziwa ya ng'ombe wake, mwekundu kama nyanya yake aliyefunguliwa na Baba.

Basi, mwanangu, ndugu yako akizama katika ulevi, usimsukume kama mzigo. Fanya la zamu yako: mpe chakula, msindikize hospitali akikubali, mwambie ukweli bila kumrushia majivu ya zamani. Kisha achilia, ukimngoja na mpini wako mkononi. Na kama kuna neno baya ulimtupia, kaliokote leo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na msumeno wa Baba, uliotundikwa hapo ukutani, hauna la kufanya na mtu mmoja.

Mungu akutunzie mtu wa mpini wa pili. Na ikiwa atatangulia yeye, basi akuachie kitu cha kukuchekesha matangani, kama mimi nilivyoachiwa.