Kitambaa Juu ya Kompyuta

Wivu ni kitu mbaya, lakini wacha niseme ukweli, mimi nilikuwa nayo mingi. Hiyo ni miaka ya tisini, sisi tulikuwa tunakaa Gitothua hapo Ruiru, na mdogo wangu alikuwa Thika, Kiganjo. Msichana wangu, yule nilizaa, alikuwa mwalimu wa hesabu kwa koleji, na alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba. Anaandika namba, kompyuta inazichora zinakuwa mlima. Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini huo mlima niliupenda!

Shida ni vile ilikuwa inachora polepole. Unaweka chai, inachemka, unakunywa, mlima bado haujafika magoti.

Siku moja nikaenda kwa mdogo wangu. Msichana wake naye alikuwa na kompyuta, tena mpya. Akafinya kitu. Kabla chai yangu ipoe, mlima mzima uko pale!

"Hata yenu itafika, dada," mdogo wangu akaniambia. "Polepole tu."

Nikaacha chai nusu, nikashika njia.

Nyumbani nikalia kwa msichana wangu. Akafungua hiyo boksi, akanionyesha shimo ya mraba huko ndani.

"Mami, hapa ndio chipu ya hesabu inakaa. Hii yetu ilikuja bila."

"Haiya! Tumekaa na shimo wakati huu wote na hukuniambia?"

Akaitafuta Nairobi, akaifinyilia pale na kidole. Mlima ukatoka kabla nimalize kusema Ngai, Mungu wangu! Hapo hapo nikaita mdogo wangu chai ya Jumapili.

Sasa nyumba ya heshima, redio iko na kitambaa, tivii iko na kitambaa. Nikashona ya kompyuta, kubwa, maua kila pande, ikashuka mpaka nyuma. Na Jumapili asubuhi nikaiwasha mapema, ishike moto vizuri kama jiko.

Mdogo wangu akaja, akakaa. Msichana wangu akafinya. Mlima ukaanza mbio, ukafika nusu, ukakufa.

"Woi," mdogo wangu akasema. "Umechoka kupanda?"

Msichana wangu akagusa boksi, akaruka. "Mami! Umeifunika tangu saa ngapi? Hii inataka hewa!"

Akatoa kitambaa, akaizima. Tukangoja ipoe na chai, kikombe mbili mbili. Akaiwasha tena. Mlima ukatoka wote, pap! Mdogo wangu hata hakuangalia. Alikuwa ameshika kitambaa.

"Dada, hii ulishona na uzi gani?"

"Beba," nikamwambia, tamu kama asali. "Funika kompyuta yako. Mpaka nyuma."

Msichana wangu akanitolea macho.

Nilipoenda Kiganjo tena, nilikimbilia kuangalia hiyo kompyuta yao. Iko uchi, inachora tu. Kitambaa changu kilikuwa juu ya redio yake kubwa, na kilikaa vizuri pale kuliko kitu yoyote kwangu. Wivu ikaanza upya.