Dakika Kumi za Sista Mkuu

Sista mkuu wetu tulimpa jina la Dakika, ila hatukuthubutu kulitamka mbele yake. Amefanya kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hajachelewa hata siku moja, jambo ambalo sisi wengine tunaliona ni uonevu. Mumewe, dereva mpole asiye na makuu, aliwahi kutunong'oneza kwamba wakialikwa arusini wanafika kabla ya viti.

Saa ya ukutani ya chumba chetu aliisogeza mbele dakika kumi kwa mkono wake mwenyewe, kapanda kiti, ili wauguzi wachelewaji wa aina yangu waingie zamu mapema. "Moyo ukisimama, ubongo haumsubiri mtu anayetafuta viatu," alizoea kusema, macho kwangu. Sisi wauguzi sote tulijua kwamba saa ile imetangulia. Dawa na vipimo tuliandika kwa saa tulizobandika kifuani; ile ya ukutani ilikuwa ya kukaripiwa tu.

Basi akaletwa fundi saa. Moyo wake ulisimama akiwa kazini, kioo cha kukuzia kikiwa bado jichoni. Jirani yake, fundi viatu, alimkandamiza kifua bila kupumzika mpaka gari la wagonjwa likafika na mashine ya kuushtua moyo. Moyo ukarudi. Mwenyewe hakurudi. Tulimpokea akiwa na bomba kooni, mashine ikimpumulia, tukamwendeleza na dawa ya usingizi.

Watu hudhani moyo ukirudi kazi imekwisha. Kwetu ndipo inapoanza. Joto la mwili lisipande, presha isishuke, hewa isipungue wala isizidi, na kwa siku tatu za mwanzo hakuna anayeruhusiwa kutabiri chochote. Dakika alikuwa akimgombeza yule mgonjwa aliyezimia kama vile anamsikia: "Mzee, umeongeza nusu digrii. Nani kakuruhusu?"

Mke wa fundi alikaa kando ya kitanda, mkono wa mumewe mkononi, saa yake mwenyewe ndogo ikimning'inia kwenye kifundo cha mkono kwa jinsi alivyokonda ghafla. Kila mara Dakika alipogeuka, mama yule alimvalisha mumewe soksi. Dakika alizivua.

"Huwa anasikia baridi miguuni, sista," alijitetea.

"Mama, kwa sasa joto ndilo adui yake. Soksi zitamsubiri."

Siku ya pili peke yake zilivaliwa na kuvuliwa mara nne. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akishindana na Dakika kwa ukaidi, nami nilifurahi kimoyomoyo. Ila mama yule alikuwa na swali moja lililoniondolea utani wote, na aliniuliza kila siku: "Akiamka, atakuwa yeye?" Nilimwambia tusubiri.

Siku ya nne tuliacha dawa ya usingizi. Siku ya tano alifumbua macho, na bomba likatolewa. Asubuhi ya siku ya sita akaja kumpima daktari mpya, mwenye wiki mbili tu kwetu, makini sana, kavaa gauni la plastiki lililomfunika mikono, pamoja na saa yake, hadi kwenye glavu. Fundi alitaja jina lake sawasawa, na la mkewe pia. Daktari akanyoosha kidole ukutani.

"Sasa hivi ni saa ngapi, mzee?"

Fundi alitazama ukutani, akatazama mkono wa mkewe, akakunja uso. "Saa nne kasoro dakika kumi," alisema, sauti ikikwaruza.

Ukutani ilikuwa saa nne kamili.

"Tazama tena, taratibu."

"Kasoro kumi."

Daktari akaandika. Kisha akamvuta mama pembeni, akamweleza kwa upole kwamba huenda ubongo umedhurika kidogo, bado ni mapema, lakini ajiandae. Nami, niliyekaripiwa kwa saa ile kuliko mtu yeyote hospitalini, nilisimama palepale nikitikisa kichwa kwa huzuni.

"Miaka arobaini anatengeneza saa za watu," mama alisema, machozi yakimtoka, "leo hata kuisoma imemshinda."

Dakika akaacha kitanda cha jirani, akaja. "Mlimuuliza kwa saa ipi?"

Nilitazama ukutani, nikatazama kifuani kwangu, nikatamani ardhi ipasuke. Dakika hakunisubiri. Aliinama kitandani.

"Mzee, ile saa niliisogeza mimi. Nisamehe."

"Nilijua ni mtu," fundi alisema. "Saa mbovu ingeachana na ya mke wangu kidogo kidogo. Hii tangu jana imekaa kwenye kumi ileile."

Daktari alikata alichokiandika, akikwepa macho yetu. Fundi akamgeukia mkewe, akagusa ile saa ndogo. Ilikuwa ya kutiwa ufunguo kila asubuhi, na tangu waoane hakuna aliyeitia ila fundi mwenyewe.

"Nani amekuwa akiitia?"

"Mimi. Nilikuwa naogopa nitakata springi yake."

"Mizunguko mingapi?"

"Kumi na minane. Si ndivyo unavyohesabu? Huwa nakusikia."

Fundi akafumba macho, akaushika ule mkono. "Basi ndiyo maana imekwenda vizuri," alisema. "Mama watoto, miguu yangu ina baridi."

Mama alimtazama Dakika. Dakika alimtazama mgonjwa, akatazama kipimo cha joto, kisha akavuta kiti mpaka ukutani na kukipanda, akatugeuzia mgongo. Alirudisha mshale nyuma dakika kumi, na hakushuka mpaka soksi zote mbili zilipokwisha kuvaliwa.